Namna ya kuendesha klabu ya hadithi za kisayansi Tanga mjini

Klabu ya wapenzi wa hadithi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, ikianza kwa filamu, mara nyingi haifiki mwezi wa tatu. Watu ishirini wanajaa sebuleni, wanatazama vyombo vya angani vikipigana, wanasifu, wanakwenda zao. Wiki inayofuata wako tisa, kisha wanne, kwa sababu filamu ileile mtu anaweza kuitazama kwao amelala. Mtu hurudi mahali ambapo ana kazi yake na kuna watu wanaoisubiri. Ndiyo maana hapa tunaanza na hadithi fupi inayosomwa kwa sauti, zamu zinazozunguka, na kijarida kinachotengenezwa na wanachama wenyewe. Filamu ina nafasi yake, ila si ya mbele.

Watu, siku na saa

Idadi nzuri ya kuanzia ni watu saba hadi kumi na wawili. Mkiwa watano, mmoja akiuguliwa na mwingine akisafiri, kikao hakipo. Mkizidi kumi na watano, duru ya kila mtu kusema dakika mbili inakula zaidi ya nusu saa na wa mwisho anakuta yote yameshasemwa. Mkifika hapo, gawanyikeni makundi mawili wakati wa mazungumzo, kisha mkutane tena kwenye kahawa.

Muda unaofaa Tanga ni kuanzia saa 10 na robo jioni hadi saa 12 kamili. Alasiri huwa kati ya saa 9 na robo na saa 10 hivi kwa mwaka mzima, na Magharibi kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo. Katikati ya hizo mbili mna dakika 105 ambazo hakuna wa kuinuka kwenda msikitini, na mabinti wanafika nyumbani kungali mwanga. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mzazi wa Makorora au Mikanjuni atamruhusu binti wa miaka kumi na saba kwenda kusoma hadithi, lakini hatamruhusu kurudi saa 2 usiku kila wiki, na klabu inayokosa mabinti inapoteza nusu ya wasomaji wake wazuri.

Kabla ya kupanga siku, ulizeni kwanza nani ni Msabato, maana Jumamosi kwake ni siku ya ibada. Jumapili baada ya ibada za asubuhi huwafaa wengi. Angalieni na mpira: mechi za ligi ya Uingereza za Jumamosi huanza saa 11 au saa 12 jioni kwetu, kutegemea majira ya kwao, na hapo nusu ya vijana watakuwa wanachungulia simu. Siku ya Simba na Yanga ahirisheni wiki moja kabla, msingoje asubuhi ya siku yenyewe. Ramadhani hamishieni kikao Jumapili mara baada ya ibada za asubuhi, bila kahawa, au simamisheni vikao na kila mtu abaki na kitabu chake nyumbani hadi Idi.

Mahali pa kukutania, baraza la nyumba ya mwanachama linatosha mkiwa chini ya kumi. Mkizidi, ombeni darasa la shule au nafasi kwenye maktaba ya mkoa, kwa barua ya ukurasa mmoja inayotaja jina la klabu, shughuli, siku na saa, idadi ya watu, na mtu mzima mmoja atakayewajibika kwa ufunguo na usafi. Barua isiyotaja mtu wa kuwajibika hukaa mezani. Chumba chenye bati bila dari kikwepeni kuanzia Machi hadi Mei: mvua ya masika ikishuka, msomaji hasikiki hata akipiga kelele. Vijiwe vya kahawa vinavutia, lakini penye bao au runinga ya mpira hapasomeki hadithi.

Dakika 105 zinavyogawanywa

Kumi za mwanzo ni za kupanga viti, kusalimiana na kurudisha vitabu vya kuazima. Tano za habari na matangazo. Ishirini za kusoma hadithi. Ishirini na tano za duru. Kumi za kahawa na kashata. Ishirini za mazungumzo huru, kumi za mpimaji (tutamweleza hivi punde), na tano za mwisho za kugawa zamu za wiki ijayo kwa majina. Hizo tano za mwisho ndizo zinazoruka kwanza kikao kinapochelewa, na ndizo zisizotakiwa kuruka kabisa. Kikao kikivunjika bila mtu kujua nani anasoma wiki ijayo, wiki ijayo hakuna atakayesoma.

Zamu ni tano: mwenyekiti wa kikao, msomaji, mpimaji, mtunza saa na mwenye kahawa. Zizunguke kila wiki bila kujali nani mwalimu na nani mwanafunzi. Uenyekiti wa kikao usichanganywe na uongozi wa klabu, maana mwenyekiti wa klabu akiongoza kila kikao, wengine wote wanageuka wageni wake.

Kusoma kwa sauti. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu huenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika, hivyo dakika ishirini zinabeba hadithi ya maneno 2,200 hadi 2,400. Iliyo ndefu zaidi igawanywe vikao viwili, ikatwe mahali penye swali. Msomaji apewe maandishi siku nne kabla, ayasome mara mbili kwa sauti kwao, aweke alama ya penseli mahali pa kupumua na kwenye majina mageni ya sayari na watu, ayatamke kwa namna moja hadi mwisho. Hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza isimuliwe aya kwa aya kwa Kiswahili baada ya kusomwa, na kwa kuwa muda unakuwa mara mbili au zaidi, chagueni isiyozidi maneno 1,000. Toeni nakala moja kwa kila watu watatu. Nakala kwa kila mtu ni gharama, na tena inawafanya watu wasome mbele peke yao wasisikilize.

Duru. Kila mtu ana dakika mbili, hakuna kukatizana, hakuna kujibu. Anaanza mdogo kwa umri na kumalizia mkubwa. Pwani yetu mzee akishasema, kijana hapingi tena, hata kama ana hoja nzuri, kwa adabu tu. Ukigeuza mpangilio, adabu inabaki na hoja inasikika. Mwenyekiti asiulize "umeipenda?", kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana na hapo mazungumzo yamekwisha. Aulize: katika dunia ya hadithi hii ni kitu gani kimoja kilichobadilika kulinganisha na yetu, nani kafaidika, nani kaumia? Swali hilo linamfungua hata mtu ambaye hajawahi kusoma hadithi ya aina hii.

Mpimaji ndiye anayeipa klabu ladha yake. Kazi yake ni kuchagua jambo moja la kisayansi ndani ya hadithi, kulichunguza nyumbani, na kulieleza kwa dakika kumi kwa vitu tunavyovijua. Tuseme hadithi ina fundi wa Chumbageni anayezungumza kwa simu na kaka yake aliyeko sayari ya Mirihi (Mars), wanajibizana papo kwa papo. Mpimaji anasema haiwezekani: mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, na kutoka hapa hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 hivi kwenda tu, kutegemea sayari hizo ziko wapi kwenye njia zake. "Hujambo" yako inaweza kujibiwa baada ya zaidi ya dakika arobaini. Au mtu kaandika kwamba ndoo ya maji ya lita ishirini haibebeki Mirihi kwa uzito. Kumbe uvutano wa huko ni asilimia 38 ya wetu, na ndoo ile mkononi ingehisiwa kama kilo saba na nusu.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni kituo cha kurushia roketi. Ni wazo zuri kukiweka pwani ya Tanga, kwa kuwa tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa roketi inayoelekea mashariki kasi ya bure ya karibu kilomita 1,660 kwa saa. Wala si ndoto tupu kwa pwani hii: Desemba 12, 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksi (X-ray) kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Lakini mwandishi anayerusha roketi yake kutoka Tanga moja kwa moja mashariki amesahau kitu kimoja. Mashariki yetu kuna Pemba, na vipande vya roketi vinavyoanguka njiani vitaangukia wapi? Mpimaji akiuliza hivyo, mwandishi ana njia mbili, kukihamisha kituo au kuandika kuhusu Wapemba. Njia ya pili huzaa hadithi bora.

Mpimaji asigeuke hakimu. Hadithi yenye kosa la kisayansi inaweza kuwa nzuri sana, na kazi yake ni kuonyesha kosa liko wapi na lingeweza kuzaa nini. Mpimaji anayefurahia kumwaibisha mwandishi apewe zamu ya kahawa wiki mbili zinazofuata.

Ubishi wa majini utakuja, tena mapema. Je, hadithi ya jini ni hadithi ya kisayansi? Msiufunge kwa kura. Kipimo kinachofaa ni kanuni: kama jini wa hadithi ana kanuni zinazojulikana, haziruki, na matukio yote yanatokana nazo, hadithi hiyo inazungumzika ndani ya klabu. Kama jini anaokoa kila mtu mwandishi anapokwama, basi hata angeitwa roboti, tatizo ni lilelile. Kuhusu uumbaji, roho na kiyama, mwenyekiti aseme mwanzoni kwamba tunajadili dunia ya hadithi, na imani ya mtu haipigiwi duru.

Cha kusoma

Anzeni na cha nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, kusini mwa mji huu, na Kusadikika yake iliyotoka mwaka 1951 ni habari za nchi iliyo angani. Ndani yake Karama anajitetea barazani kwa kueleza safari za wajumbe sita, mmoja mmoja, na mgawanyo huo unakaa vizuri kwenye vikao sita. Baada ya hapo, Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inampeleka mtu sayari nyingine kabisa, na inafaa kusomwa polepole kwa mwezi na nusu. Kwa hadithi fupi za waandishi wa Afrika, fuatilieni orodha za tuzo ya Nommo, inayotolewa tangu 2017. Kila mwaka huwa na kundi la hadithi fupi, na nyingine husomeka bure kwenye majarida ya mtandaoni. Kopi za kitabu kizima kilicho sokoni msitoe. Nunueni nakala mbili kwa mfuko wa klabu, zizunguke.

Vitabu vya klabu vinakufa kwa unyevu kabla ya kufa kwa kuibwa. Hewa ya Tanga ina chumvi na maji, na kitabu kilichobanwa ukutani huota ukungu kabla hamjatambua. Rafu iache nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani na ipande juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa. Vitabu visibanane. Mara moja kwa mwezi vifunguliwe kurasa kivulini penye upepo, wala si juani, kwani jua linakausha gundi na kurasa zinang'oka. Vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitieni kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vitabu adimu vikae humo. Kuazima kuandikwe kwenye kaunta buku, safu tano: jina la kitabu, mwanachama, simu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Kitabu kimoja kwa mtu, wiki mbili. Faini ya fedha huwafanya watu waache kuja ili wasidaiwe, kwa hiyo anayechelewa asiazime kingine hadi arudishe, na inatosha.

Kijarida

Mwaka 1926 jarida la Amazing Stories lilianza kutoka Marekani, na wasomaji wake wakaanza kuandikiana kwa anwani zilizochapishwa kwenye kurasa za barua. Kufikia Mei 1930 klabu moja iliyoanzia Chicago ilikuwa imetoa kijarida chake, The Comet, na tangu hapo klabu za aina hii na vijarida vya kujichapishia havijaachana. Sababu ni ya kikazi. Kijarida kina tarehe ya kutoka, na tarehe inawafanya watu wakutane.

Toeni toleo moja kila miezi miwili. Wiki tatu za kwanza ni za kuandika. Wiki ya nne hadithi zinapitiwa. Wiki ya tano zinaandikwa upya, ya sita zinachapwa na kupangwa, ya saba watu wawili ambao hawakuandika wanasoma kusaka makosa, ya nane mnakwenda steshenari. Klabu zinazopanga mwezi mmoja huishia kuruka wiki ya nne, na hiyo ndiyo inayofundisha watu kuandika.

Namna ya kupitia hadithi ya mwanachama: isizidi maneno 1,000, iwafikie wote siku tatu kabla. Mwandishi anakaa kimya mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja, kwa dakika mbili, anataja sehemu moja isiyopaswa kuguswa na sehemu moja ambapo alipotea au alichoka, kwa kuonyesha mstari. Mwishoni mwandishi ana dakika tano za kusema alilokusudia. Ukimya wake ni muhimu kwa sababu mwandishi anayejitetea humfundisha kila mtu kumdanganya. "Nzuri sana, hongera" ikatazwe kwenye duru hii, isemwe kwenye kahawa.

Wanaokosa la kuandika waelekezwe kwenye mambo ya hapahapa. Samaki silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka zama za dinosauria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na leo ana hifadhi yake ya bahari hapa Tanga. Mkonge uliletwa mwaka 1893 kutoka Amerika na ukabadilisha mkoa mzima. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kutoka mjini. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Kila kimoja kina swali la miaka mia ijayo ndani yake, na mwandishi anayekijua kwa macho ataandika vizuri zaidi kuliko anayekopa jiji la ughaibuni alilolionea kwenye skrini.

Sasa kazi ya mikono. Kijarida cha ukubwa wa A5 kinatokana na karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, kila karatasi ikitoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kumi na sita zinatosha. Herufi za ukubwa wa 11 zinaingiza maneno 250 hivi kwa ukurasa. Toa jalada la mbele na la nyuma, ukurasa wa yaliyomo, ukurasa wa barua na kurasa mbili za michoro, unabaki na kurasa kumi, yaani maneno 2,500: hadithi mbili za maneno 1,000 na makala moja ya mpimaji ya 500. Msizidishe kwa kupunguza herufi. Chini ya 10, kopi ya steshenari haisomeki.

Kupanga kurasa ndiko kunakowashinda wengi. Karatasi ya kwanza, upande wa nje, kushoto ni ukurasa wa 16 na kulia wa 1. Ndani ni 2 na 15. Ya pili nje ni 14 na 3, ndani 4 na 13. Ya tatu nje ni 12 na 5, ndani 6 na 11. Ya nne nje ni 10 na 7, ndani 8 na 9. Kila jozi ukiijumlisha lazima utoke 17; isipotoka, umekosea. Kabla ya yote kunjeni karatasi nne tupu, ziandikeni namba kwa penseli kama kitabu, zifungueni, na mtaona zenyewe zinavyokaa. Mwambieni wa steshenari ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za ndani zitatoka kichwa chini, na atakuwa ameshatoa kopi mia. Ombeni seti moja ya majaribio, ikunjeni papo hapo kaunta, mkague, ndipo mruhusu zilizobaki.

Pembeni pote acheni sentimita moja na nusu, kwani mashine haifiki ukingoni na mkunjo nao unameza herufi. Michoro iwe ya peni nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Picha za simu zenye kivuli hutoka doa jeusi tupu. Pelekeni kazi ikiwa PDF, kwa maana faili la kawaida likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine aina ya herufi hubadilika na kurasa zote zinasogea. Flashi iwe na faili hilo tu, na mkirudi isafisheni virusi kabla ya kuichomeka kwingine.

Kushona: stepla ya kawaida haifiki katikati. Ifungueni, wekeni karatasi zilizofunguka juu ya boksi gumu au kipande cha godoro, bonyezeni pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, kisha geuzeni mkunje miguu ya pini kwa nyuma ya kijiko. Sindano na uzi wa mshonaji viatu ni imara zaidi: matundu matatu, ingia la kati kutoka ndani, toka la juu, rudi la chini, ingia tena la kati, funga fundo ndani. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo, zikateni kwa wembe na rula ya chuma.

Hesabu ya nakala 40: karatasi 4, pande 2, ni kopi 320. Ikiwa kopi moja ni shilingi 100, jumla ni shilingi 32,000. Mkiuza kila nakala shilingi 1,000, nakala 32 zinarudisha gharama yote na nane zinabaki kwa waandishi, mchoraji na rafu ya klabu. Msichape 100 kwa kuwa tu mna furaha, maana karatasi nazo zinaota ukungu.

Filamu na usiku wa nyota

Filamu iwe mara moja kwa miezi mitatu. Mchana projekta haionekani mpaka mfunge madirisha, na mkiyafunga chumba ni tanuri. Usiku inagongana na swala na ruhusa za wazazi. Runinga ya inchi 43 kwa watu kumi na watano, na nusu saa ya mazungumzo baada yake, inafaa kuliko ukumbi. Mkitaka kuonyesha hadharani, hata bila kiingilio, mwoneni kwanza afisa utamaduni wa jiji kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu na haki za mwenye filamu.

Usiku wa nyota hauna gharama na watu huusubiri. Chagueni siku tatu nne kabla au baada ya mwezi mwandamo, kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, saa 3 usiku, mahali ambapo upande wa kusini hauna taa. Njia ya Tongoni ni giza zaidi kuliko mjini. Kodini daladala ya kwenda na kurudi, na wenye umri chini ya miaka 18 waje na mzazi au mlezi. Tazameni kusini. Nyota mbili kali zilizo jirani zinaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, na ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, jirani wa Jua ambaye waandishi wamempelekea vyombo visivyohesabika. Iko juu ya upeo kiasi cha ngumi tatu za mkono ulionyooshwa. Nuru mnayoiona iliondoka huko miaka minne na miezi kadhaa iliyopita, na wengi wa Ulaya hawaioni kabisa kwa kuwa haichomozi kwao. Hapo someni hadithi moja fupi kwa tochi yenye karatasi nyekundu, maana mwanga mweupe unaharibu macho ya gizani kwa zaidi ya robo saa.

Fedha, usajili na ugomvi

Mchango wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa watu kumi na wawili ni 24,000, unatosha kahawa, kopi za hadithi na akiba ndogo ya kijarida. Wanafunzi walipe nusu au wafanye kazi ya kuchapa. Mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila kikao cha kwanza cha mwezi, hata kama ni dakika moja. Mkiwa barazani, kumtaarifu mwenyekiti wa mtaa ni busara ya kuanzia, kwa sababu majirani watauliza vijana hawa wanajifungia kufanya nini. Mkitaka akaunti au kuomba ukumbi mara kwa mara, andikeni katiba ya kurasa mbili na muhtasari wa kikao chenye majina na saini, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze usajili unaowafaa.

Ugomvi wa klabu hizi una historia ndefu. Julai 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi huko New York, vijana sita wa kundi la Futurians walizuiwa mlangoni kwa sababu ya uhasama wa makundi na siasa. Wawili kati yao, Frederik Pohl na Donald Wollheim, baadaye walikuwa wahariri wakubwa wa fani hiyo hiyo. Kwa hiyo andikeni utaratibu wa kumsimamisha mtu wakati bado mnapendana: malalamiko kwa maandishi, watu watatu wasiohusika wasikilize pande zote ndani ya siku 14, na uamuzi upite kwa theluthi mbili. Isipokuwa jambo moja. Anayemsumbua msichana au mtoto anasimama siku hiyohiyo, na uchunguzi unafuata akiwa nje. Mtu mzima asibaki peke yake chumbani na mtoto, hata kama ni kumpa kitabu.

Malumbano madogo huanzia kwenye kundi la simu usiku wa manane. Kundi hilo liwe la matangazo na zamu tu, ubishi uletwe kikaoni, ambako watu wanaonana nyuso. Anayefichua mwisho wa hadithi ambayo wengine hawajaisoma aonywe kwa upole, na kitabu kikiwa bado kinasomwa kwa sehemu, mtunza saa aandike ubaoni ukurasa mliofikia ili wote wajue mpaka uko wapi.

Uongozi ubadilike kila mwaka. Kiongozi anayeondoka akabidhi kaunta buku, daftari la hesabu, fedha taslimu au salio la simu, flashi yenye matoleo yote ya kijarida, ufunguo wa rafu, na orodha ya barua zilizoandikwa pamoja na majibu yake. Makabidhiano yafanyike mbele ya wanachama wasiopungua watatu, vitabu vikihesabiwa kimoja kimoja, na anayepokea asaini baada ya kuhesabu, si kabla.